Nilipewa kazi ya kuandika ubovu wa programu ya Injinia wetu wa Bukoba, yeye akawa anaupaka manukato

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu nyote, mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi na mlioko nyumbani mkijifanya mnatafuta kazi.

Naleta kisa changu mwenyewe. Mimi ni mtunzi wa riwaya, kwa hiyo najua wapo watakaosema natunga. Nikitunga huwa natunga vizuri kuliko hivi. Humu nimebadilisha majina tu, pamoja na jina la programu yenyewe. Mengine yote yalitokea kama nitakavyoyasema, na wengine waliokuwepo wamo humu humu jukwaani.

Twende.

Naishi Kagondo, hapa Bukoba. Asubuhi ukungu hupanda kutoka ziwani, ukaingia kwenye migomba na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Ni mahali pazuri sana pa kuandikia riwaya. Pa kuishi kwa kutegemea riwaya, hapana. Ndiyo maana mtu akiniletea kazi yoyote yenye maneno ndani yake, siulizi mara mbili.

Mjini, karibu na soko, yapo majengo ya zamani ya Wahindi, yale yenye baraza na milango mirefu ya mbao. Wenyewe wamebaki wachache. Juu ya duka moja la vitambaa kuna chumba kirefu chenye madirisha yasiyofungika vizuri, na humo ndimo Injinia Deo alimoweka kampuni yake.

Injinia Deo amesoma nje. Ukikaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai utajua amesoma nje, utajua ni nchi gani, na utajua baridi ya huko ilimfanya nini masikioni. Mnaotutania Wahaya kwa lile neno nshomile, yaani "nimesoma", mngekutana naye mngegundua kwamba siku zote mmekuwa mkitutania kwa upole.

Lakini tumpe haki yake. Jamaa anaweza.

Yeye na programa wake Jovin, kijana mtaratibu wa Kaagya, walitengeneza programu ya kuandikia maandishi wakaiita Kibanja. Siyo kama zile za ofisini zenye vitufe mia. Hii ni ukurasa mweupe na maneno yako, basi. Inafanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac, kwenye Linux na kwenye simu, na faili lako linakufuata kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Jina lilitokana na kibanja chenyewe, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mhaya, ambamo unachokihitaji unakichuma hatua chache kutoka mlangoni.

Sisi waandishi wa hapa tunaokutana kusomeana kazi zetu tuliipokea kwa mikono miwili. Programu ya kwetu, yenye jina la kwetu, isiyopigia kila neno la Kiswahili mstari mwekundu kana kwamba tumekosea kuzaliwa.

Sasa, kwa wasiojua mambo haya. Kila programu inayojiheshimu ina ukurasa mmoja ambao kwa Kiingereza huitwa known issues. Tuliuita Matatizo Yanayojulikana. Ni ukurasa ambao wenye programu wanamwambia mtumiaji: hapa ni pabovu, tunajua, tunatengeneza, kwa sasa pitia huku.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Injinia alinisikia nikisoma hadithi mahali, akaamua kwamba mtu anayeweza kueleza huzuni ya mvua kwa kurasa nne hawezi kushindwa kueleza kwa nini programu inakwama.

Nilianza vibaya, wakuu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anayefungua ukurasa wa matatizo ameshakasirika tayari. Tatizo la kwanza kabisa niliandika hivi: "Nyakati nyingine kishale hupotea katika weupe wa ukurasa, kikamwacha mwandishi peke yake na wazo lake."

Jovin alisoma. Akasoma tena. Akaniuliza kwa adabu zote:

"Sasa mtu afanye nini?"

Nikafuta. Nikaandika: "Kishale kikipotea, bonyeza Escape mara mbili." Kusema kweli niliumia kidogo. Lakini usiku ule nililala vizuri, na tangu hapo nikaanza kuipenda kazi. Kuna utamu fulani katika sentensi ambayo mtu akiisoma mkono wake unakwenda mahali sahihi.

Ukurasa ukakua. Niwape mfano wa vitu vilivyokuwemo.

Kwenye Mac, ukiandika ng'ombe, Kibanja kilidhani ile alama ya ng' ni mwanzo wa nukuu. Basi kikawa kinapaka maneno yote rangi ya kijani mpaka ukutane na ng'ombe mwingine wa kufunga. Mtu mmoja aliyekuwa akiandika makala za mifugo hakuona tatizo lolote, maana kwake ng'ombe walikuwa wengi na walifunguana na kufungana wenyewe. Lakini mwenye ng'ombe mmoja alikuwa na kijani hadi mwisho wa kitabu.

Kwenye Windows, kile kipengele cha kusahihisha tahajia hakikuwa na majina ya Kihaya. Familia moja iliandaa ratiba ya harusi, bibi harusi akiitwa Kokugonza. Ratiba ikatoka mashineni nakala kwa nakala, ikagawiwa ukumbini, na juu yake imeandikwa: Harusi ya Bi. Kugonga.

Wazee wa upande wa bwana harusi waliuliza kama hilo ni jina au ni onyo.

Yote hayo niliyaandika kwa Kiswahili cha kueleweka, kila moja na njia yake ya kulikwepa. Watu wakawa wananiandikia kushukuru. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na mstari mdogo unaosema ukurasa huu unatunzwa na fulani, yaani mimi, kwa jina langu kamili. Nilikuwa naupitia mstari ule mara nyingi kuliko inavyopasa kusemwa hadharani.

Kisha Injinia akapata habari kwamba kuna wageni watakuja kutoka Dar kuitazama Kibanja. Wakiridhika, wangeiingiza kwenye shule nyingi. Ndipo, kwa mara ya kwanza, akausoma ukurasa wangu.

Akaniita. Nilimkuta amesimama dirishani, mikono nyuma, kama picha ya mtu aliyemaliza kujenga reli.

"Mwandishi," akasema, "wewe ukiuza ng'ombe unaanza na kupe?"

Nikamwambia ng'ombe simuuzi mimi. Mimi namwandikia mtu namna ya kumkamua bila kupigwa teke.

"Basi anza na maziwa."

Na hapo ndipo ilipotoka sheria ya marungi.

Wasiotujua niwaeleze. Kwetu, mtu akikuuliza habari za nyumbani unamjibu marungi, njema. Hata kama nyumbani paa limeezuliwa, kwanza ni marungi. Habari za mama, marungi. Za watoto, marungi. Za kahawa, marungi. Mkishamaliza kuulizana, mmekaa, umetafuna kahawa uliyopewa, ndipo unasema taratibu kwamba ila sasa, paa. Kwa binadamu wawili waliokaa pamoja ni utaratibu mzuri sana, maana anayekuletea habari mbaya anakuachia nafasi ya kukaa kwanza.

Injinia akataka ukurasa wa matatizo nao uwe hivyo. Kila tatizo lianze na jema. Neno tatizo lenyewe akalipiga marufuku, akapendekeza "tabia". Nikamuuliza kama ukurasa sasa utaitwa Tabia Zinazojulikana, kama barua ya mkuu wa shule kwa mzazi. Hakucheka. Alisema jina libaki, maana kampuni kubwa zote duniani zinalo, lakini ndani "tuweke staha".

Staha yenyewe aliiweka kwa mkono wake. Nilifungua ukurasa kesho yake nikakuta ng'ombe wa kijani ameandikwa hivi: "Kibanja hutambua na kuyapamba kwa rangi maneno yenye ladha ya asili."

Bi. Kugonga akawa: "Kibanja hukupendekezea majina mbadala."

Wakuu, mimi nimesoma mashairi mabaya maishani mwangu. Nimeyaandika pia. Sijawahi kuona sentensi inayodanganya huku imevaa tai namna ile.

Lakini ng'ombe wa kijani haui mtu. Tatizo lililonitoa usingizi ni lingine.

Jovin alikuwa ameligundua mwenyewe akijaribu programu. Ukiwa umefungua faili moja kwenye kompyuta na kwenye simu, ukaandika kwenye simu, halafu kompyuta yenye faili la zamani ikajihifadhi yenyewe baadaye, basi ile ya kompyuta inachukuliwa kuwa ndiyo mpya. Inafuta ya simu. Haikuulizi, haikuonyeshi chochote. Kazi yako inaondoka kimya kimya.

Jovin alisema kulirekebisha kutachukua wiki kadhaa, kwa sababu liko ndani kabisa, kwenye msingi. Nikaandika onyo fupi nikaliweka juu ya ukurasa.

Jioni Injinia alikuwa amelishusha chini na kuliandika upya: "Kibanja huheshimu neno lako la mwisho, popote ulipo."

Nikarudisha onyo langu. Akarudisha heshima yake. Asubuhi ukurasa ulikuwa wa kweli, jioni unanukia. Tuliendelea hivyo mpaka akachoka, akafunga uhariri wa ukurasa kwa nywila ambayo mimi sikupewa, wasomaji wakabaki wanauona kama alivyouacha, akasema utafunguliwa wageni wakishaondoka.

Nikamwomba basi aondoe jina langu pale chini. Akasema hapana, jina langu linaupa ukurasa uzito, watu wa fasihi wananiamini.

Alikuwa anasema kweli. Na ubaya ulikuwa hapo hapo.

Sasa niwaletee Adelina.

Adelina ni mwenzetu katika kusomeana kazi. Anafundisha darasa la tatu huko Izigo, wilayani Muleba, anaishi na mama yake, na alikuwa akiandika riwaya yake ya kwanza. Mimi ninapoandika ziwa, natafuta sifa ishirini za maji. Yeye anaandika kwamba maji yalikuwa baridi, na wewe unakunja miguu. Mchapishaji mmoja wa Dar alikuwa amesoma sura za mwanzo, akamwambia akipata kitabu kizima kufikia Jumatatu fulani atakiingiza kwenye vitabu vyake vya mwaka. Asipokipata, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Alikuwa anaandikia kwenye kompyuta ya kaka yake. Umeme ukawa unakatika sana wiki ile. Akafikiria kuhamia kwenye simu. Lakini yeye ni mtu makini, hakukurupuka. Akafungua kwanza ukurasa wa Matatizo Yanayojulikana, unaotunzwa na rafiki yake, kuona kama kuna hatari yoyote.

Akasoma kwamba Kibanja huheshimu neno lake la mwisho, popote alipo.

Akaandika sura nne za mwisho kwenye simu, amekaa chini ya mgomba, mvua za vuli zikipita na kurudi. Umeme uliporudi, kaka yake akawasha kompyuta atazame mpira. Kibanja, ambacho hakikufungwa tangu wiki iliyopita, kikajifungua chenyewe na lile faili la zamani. Kikajihifadhi.

Alinipigia simu Ijumaa asubuhi. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema marungi. Za mama yangu. Za riwaya yangu. Nami nikamuuliza zake, akajibu marungi, mama marungi, shule marungi, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mwaka huu wameanguka vizuri mpaka watoto wanasinzia darasani kwa shibe. Nilikuwa nacheka. Tulikaribia kuagana.

"Ila kuna kajambo kadogo," akasema.

Nilijua kabla hajamaliza. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema sura nne hazionekani, na kwamba bila shaka amebonyeza kitu vibaya yeye, na kama si usumbufu, bojo, nimuulize Jovin.

Bojo ni neno la kumbembeleza mtu. Alikuwa ananibembeleza mimi.

Nikapanda ngazi za ofisini nikawaambia. Jovin alifunga macho, akaanza kukusanya nyaya zake. Injinia yeye aliuliza kama huyo dada ana wafuasi wengi mtandaoni.

Kisha akasema tutakwenda na gari lake. Kwamba kampuni inayojali watumiaji wake huwafuata mpaka nyumbani. Alivaa koti.

Tukashuka na barabara ya Muleba, Kemondo, Muhutwe, ziwa likijitokeza kushoto na kujificha. Njia nzima Injinia alituandaa. Tusikiri chochote. Tuseme "tukio". Jovin alikuwa nyuma na kompyuta mapajani. Mimi nilitazama migomba na kufikiria sura nne ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma isipokuwa aliyeziandika. Mtu akifa kuna waliomfahamu. Sura zile hazikuwa na hata mfiwa wa pili.

Mama yake Adelina alitupokea kwenye baraza. Ni mama mnene mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kibanja cha tatu. Adelina alikuwa nyuma yake, macho mekundu, anatabasamu kama mwenye nyumba anavyopaswa.

Tukaingia. Injinia akaelekea kiti kikubwa cha heshima pale pembeni, akakunja koti lake tayari kukaa.

"Injinia, hicho usikalie," Adelina akasema. "Mguu wa nyuma umeoza. Kaa hapo kwenye benchi."

Akakaa kwenye benchi. Jovin akainama kwangu akanong'ona kwamba huo ndio ukurasa wa matatizo wenyewe, mzima, na umeandikwa kwa sekunde tatu. Nikajifanya nakohoa.

Tukaletewa kahawa ya kutafuna, tukaletewa ndizi na maharage, na senene wa kukaanga juu yake. Hakuna aliyegusia kilichotuleta, maana hatujala. Jovin peke yake aliomba radhi akaachiwa ale na kompyuta mbele yake, simu ya Adelina ikiwa imeunganishwa pembeni.

Mama akamuuliza Injinia kazi yao inaendeleaje huko mjini.

"Marungi, mama. Marungi kabisa."

"Na hii iliyopoteza kitabu cha mwanangu, hiyo nayo marungi?"

Alisema huku anamwongezea ndizi. Injinia akasema hilo ni tukio la pekee, wanalifuatilia. Mama akasema afuatilie tu, ndizi zipo.

Ndipo Adelina akatoa simu nyingine, ya mama yake, akaufungua ule ukurasa. Akasoma kwa sauti ya mwalimu, polepole, kituo kwa kituo: "Kibanja huheshimu neno lako la mwisho, popote ulipo." Akainua macho.

"Injinia, naomba unieleweshe hapa. Mimi nafundisha darasa la tatu tu."

Na Injinia, wakuu, akamwelewesha. Hawezi kujizuia, ukimwomba kueleza ni kama umemfungulia maji. Akaweka sahani mbili mezani, hii simu, hii kompyuta. Akaeleza namna saa za vifaa zinavyolinganishwa, namna faili la zamani linavyoweza kuonekana jipya, namna lile jipya kweli linavyofutwa. Alieleza vizuri mno. Hata mama alielewa. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tatizo lile kuelezwa kwa ukweli kwa mtu wa nje ya ofisi, na lilielezwa na yule aliyelifungia kwa nywila.

Adelina alisubiri amalize.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua."

"Kujua tulikuwa tunajua, waitu," akasema, kwa neno letu la kumheshimu mtu. "Ndiyo maana linaitwa tatizo linalojulikana."

"Linajulikana na nani?"

Injinia akamtazama Jovin. Jovin akatazama kompyuta. Nje kuku walikuwa wanagombana juu ya kitu.

"Na timu," akasema.

"Basi mngeuita ukurasa wa siri."

Akaanza kukusanya sahani, ikiwemo ile iliyokuwa simu na ile iliyokuwa kompyuta.

Jovin aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Alisema amepata kitu. Ndani ya simu kulikuwa na mabaki ya muda, vipande ambavyo programu huacha nyuma inapofanya kazi. Kutoka humo alikuwa ameokoa sura mbili kati ya nne, karibu nzima. Mbili za mwisho hazikuwepo. Alitafuta tena mbele yetu, akajaribu njia nyingine na nyingine, kisha akainua mikono kutoka kwenye vitufe akaiweka mapajani.

Adelina alikaa chini. Ilikuwa Ijumaa mchana, na mchapishaji alitaka kitabu Jumatatu.

Injinia akajitolea kumwandikia mchapishaji barua rasmi, yenye nembo ya kampuni, kueleza hali.

"Utaanza na marungi?" Adelina akamuuliza.

Injinia alishika kishikizo cha koti lake, akakiachia. Halafu, sijui ni yule mama aliyekuwa anamtazama au ni ndizi zilizokuwa zimemlemea, akatoa kompyuta yake, akafungua ukurasa, akaisukuma mbele yangu.

"Andika," akasema.

Nikamtazama Adelina. Nilihisi si mimi wa kuandika. Akasema, nami nikawa napiga anachosema:

"Ukifungua faili moja kwenye simu na kwenye kompyuta, itakayohifadhi mwisho itafuta kazi ya mwenzake. Haitakuuliza. Funga moja kabla ya kufungua nyingine."

Injinia akaomba tuongeze maneno mawili tu, "kwa bahati mbaya", hapo kabla ya "itafuta".

"Bahati haihusiki," Adelina akasema.

Tukaliacha hivyo, likakaa juu kabisa ya ukurasa.

Mama alitusindikiza hadi kwenye gari na mkungu wa ndizi, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu hata kama amekula kitabu. Adelina hakutoka. Tulipogeuza gari nilimwona dirishani ameshakaa, ameinama juu ya simu, anaandika.

Wageni wa Dar walikuja kesho yake. Jambo la kwanza waliloliona ni lile onyo. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani, akaliulizia.

Injinia akanyoosha koti. Akasema hiyo ni falsafa yao, kwamba Kibanja tangu siku ya kwanza kilijengwa juu ya uwazi kwa mtumiaji, na kwamba yeye binafsi amekuwa akilisimamia hilo dhidi ya watu waliotaka kupambapamba.

Dhidi ya watu, wakuu. Alisema hivyo akiwa ameniwekea mkono begani.

Wageni walipendezwa sana. Waliandika mambo kwenye simu zao. Wamesema watarudi.

Adelina alituma kitabu Jumatatu, jua likielekea kuzama. Mchapishaji amekipokea, amesema atakichapa. Ila ameandika kwamba sura mbili za mwisho zina haraka, kana kwamba mwandishi alikuwa anakimbizwa, na amemwomba azitulize.

Jovin alilirekebisha lile tatizo wiki chache baadaye. Siku hizi Kibanja kinakuuliza kabla ya kufuta chochote, na nimelihamisha tatizo hilo kutoka orodha ya juu kwenda orodha ya yaliyotengenezwa. Nilipomwambia Adelina alishukuru. Akaniambia zile sura mbili zilizopotea bado humjia kama alivyoziandika mara ya kwanza, kipande kipande, akiwa anamenya ndizi. Sentensi nzima inapita ikiwa imenyooka kabisa, lakini akifika kwenye simu hukuta imeshaondoka, na anayoiandika inafanana nayo tu. Kwa hiyo Kibanja kimepona. Kitabu cha Adelina bado.

Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu anayekuja kusoma ubovu wa kitu chako anataka kujua asikanyage wapi, basi. Hajaja kukuhukumu wewe wala shule uliyosoma. Ukimnyima hilo kwa sababu ya sura yako, sura yako itabaki nzuri na mguu wake utavunjika. Na maneno matamu ndiyo hatari zaidi, mimi nayasema haya nikiwa mtu ninayeyapenda kuliko chakula, maana mtu hujiegemeza kwayo kwa uzito wote.

Sasa semeni nanyi. Mnaofanya kazi benki, hospitalini, kwenye mitambo, kwenye programu kama sisi: huko kwenu ni ubovu gani ambao ofisi nzima inaujua na mteja hajaambiwa? Na mliopoteza maandishi, nielezeni, yalirudi? Anayetaka kumtetea Injinia naye aandike bila woga. Mwenyewe yumo humu, kwa jina lingine, na najua ameshasoma hadi hapa. Injinia, nafasi ni yako. Ila ukijibu, usiuhariri uzi wangu.